Kahawa Chini ya Goti

Siku Drane aliporudi kutoka vitani, kijiji kizima kilitoka kumlaki isipokuwa baba yake. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakafyatua risasi hewani kama watu waliosahau kuwa jana tu risasi ilikuwa adimu kuliko chumvi. Baba mkwe wangu, Vuksan, alikuwa zizini anasuka upya kamba ambayo haikuwa imekatika.

"Baba, binti yako amefika," nikamwambia.

"Nasikia."

"Basi toka."

"Natoka, Prenda. Kwani nimesema sitoki?"

Hakutoka. Drane ndiye aliyeingia zizini, na buti zake za kijeshi, kofia yenye nyota nyekundu na bastola kiunoni, akamkumbatia mzee akiwa bado na kamba mkononi. Mzee alimshika uso kwa viganja viwili, akamtazama muda mrefu, halafu akasema amekonda. Ni hilo tu alilosema. Mimi nilisimama mlangoni nikilia, sehemu kwa furaha na sehemu kwa hofu, maana nilijua kinachotusubiri.

Drane ni wifi yangu. Mume wangu alikuwa kaka yake, akafa kwa homa mwaka ule Waitaliano walipoingia nchini. Mama yao alikwisha kufa zamani. Kwa hiyo katika nyumba ile ya mawe tulibaki watatu, na Drane alipochukua bunduki akapanda milimani kuwafuata wapiganaji, tukabaki wawili. Vuksan hakuwa na mtoto mwingine duniani. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wanaomhukumu hulisahau.

"Wifi!" Drane alinigeukia. "Bado hujaolewa tena? Wanaume wote wameisha vitani?"

"Niolewe nimwachie nani nyumba? Wewe usiyejua hata kukanda unga?"

"Najua kufungua bunduki na kuifunga nikiwa nimefumba macho."

"Basi leo jioni utatupikia bunduki."

Akacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Nilikuwa nimekikosa kicheko kile. Tukaingia ndani, nikampa mkate wa mahindi na maziwa mgando, akala bila kuvua koti. Kisha, mdomo ukiwa bado umejaa, akauliza lile nililokuwa nikiliogopa.

"Maskini Silvano. Msako wa Wajerumani ulimkuta wapi?"

Silvano alikuwa Muitaliano. Jeshi lao liliposalimu amri na Wajerumani wakachukua nafasi yao, askari wa Kiitaliano walitawanyika milimani wakiwa na njaa na aibu, na huyu akajiunga na wapiganaji. Alikuwa fundi wa redio, na redio aliyowaundia ilikuwa ikiwatia Wajerumani wazimu. Alipopata homa ya vipindi, Drane alimleta kwetu amembeba nusu njia mgongoni. "Baba," alisema, "nimekuletea mgeni." Vuksan akachukua bunduki ya Silvano, akaitundika ukutani kwenye kigingi chake mwenyewe, akamkalisha karibu na moto, akammegea mkate. Kwetu hayo yakishafanyika mambo yamekwisha. Damu ya mtu huyo iko juu yako, hata kama jana alikuwa adui, hata kama alimuua ndugu yako.

Alikaa nasi majira yote ya baridi. Alimkata Vuksan nywele, akanishonea viatu, akajifunza kuniita dada kwa matamshi ya kuchekesha. Alipoonja kabichi yetu ya siki mara ya kwanza alikunja uso, Vuksan akacheka. Sikuwa nimemsikia mzee akicheka tangu tumzike mume wangu.

"Msako ulimkuta wapi?" Drane aliuliza tena.

Mimi nilimtazama Vuksan. Vuksan alitazama moto.

"Kwenye kinu cha maji," akasema. "Kile cha chini."

"Alikuwa anafanya nini kule?"

"Nilikuwa namhamisha."

Hilo lilikuwa neno la mwanzo la kweli, nikadhani ataendelea. Hakuendelea. Drane alisukuma bakuli kando na macho yake yakalowa.

"Kuna mtu alimtoa," alisema. "Wajerumani hawakukijua kinu kile. Kuna mtu wa humu humu aliyewaonyesha. Nitamtafuta, baba. Na nikimjua, sitampeleka mjini kwa hakimu. Nitampiga risasi kwa mkono huu."

"Kula," Vuksan akamwambia. "Maziwa yatapata moto."

Nilitaka kusema, na sikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa mzee alikuwa ameniapisha kwamba neno hilo ni lake. Nilimfuata zizini alipotoka.

"Mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini? Kesho mzee Marash anamwalika chakula cha mchana, na wewe umealikwa. Unajua watakufanya nini kule."

"Najua."

"Basi atajua kwa kikombe! Hiyo ndiyo njia unayotaka ajue?"

Vuksan alikuwa mtu mwenye moyo. Alipokuwa kijana aliwahi kuingia mtoni wakati wa mafuriko kumtoa ndama wa jirani. Lakini siku hiyo alikuwa mwoga, na nilimwambia hivyo, na hakukasirika. "Kikombe kinasema vizuri kuliko mimi," akanijibu, akaenda kukata kuni.

Sasa ni lazima nieleze la masika, ingawa kulieleza kunaniumiza.

Drane alikamatwa mwezi wa Aprili. Alikuwa ameteremka mjini Shkodra amevaa kama mwuza siagi, na chini ya siagi kuna dawa za majeruhi. Wakamtia gerezani, na habari ikatufikia kwamba atanyongwa siku ya soko, mbele ya watu. Vuksan aliacha kula. Kisha akaja mtu kutoka mjini, mtu aliyevaa viatu safi, wakazungumza nje karibu na ukuta. Mimi nilitumwa kisimani. Niliporudi yule mtu alikuwa anaondoka, na Vuksan amekaa chini kwenye theluji iliyokuwa inayeyuka, kama mtu aliyesahau kuwa ina maji.

Asubuhi yake aliiondoa bunduki ya Silvano kwenye kigingi akampa mwenyewe. "Twende," akamwambia, "hapa si salama tena, nakupeleka kwenye nyumba nyingine." Silvano alinibusu mkono, akaniita dada, akamfuata. Nilimfungia jibini kwenye kitambaa. Sikujua. Naapa sikujua, ila sasa ninapokumbuka jinsi mzee alivyoshindwa kunitazama, najiona mjinga.

Kinu cha maji kina ukuta mmoja mrefu unaotazama mto. Walimpiga risasi pale pale.

Vuksan alirudi kabla ya mchana. Hakwenda karibu na moto. Alikaa mlangoni tunapofungia mbuzi, akaniambia yote kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mwingine: kwamba Wajerumani walitaka fundi wa redio, kwamba walimwahidi kumwachia Drane, kwamba Silvano alipowaona askari alimgeukia yeye akamsukuma nyuma, amkinge, akidhani wote wawili wamevamiwa. Halafu akaniomba nisimpikie.

Drane akafunguliwa kweli. Hakuja nyumbani. Alikimbilia moja kwa moja milimani kwa wenzake, na kule habari iliyomfikia ilikuwa kwamba Silvano ameuawa katika msako.

Wanaume wa kijiji walikutana. Zamani wangeichoma nyumba yetu na kutufukuza, na mzee angekuwa na bahati akiondoka hai. Marash, ambaye ndiye mkubwa wao, alisema nyumba zilizochomwa na Wajerumani zinatosha. Lakini mtu aliyemtoa mgeni wake hawezi kuketi na watu kama mtu. Kwa hiyo wakaamua anywe kahawa chini ya goti. Maana yake, mahali popote atakapoketi, wengine watapewa kikombe kwa mkono, lakini anayemimina atainua mguu na kumpitishia Vuksan kikombe chini ya goti, kila mtu akiona. Mtu mwenye heshima huona afadhali kufa kuliko kukipokea kikombe cha namna hiyo.

Vuksan alikipokea. Angeweza kukaa nyumbani, hakuna aliyemlazimisha. Lakini alikwenda kila msiba, kila harusi, kila ubatizo, akaketi karibu na mlango, akasubiri zamu yake, akanyoosha mkono. Nilimwona kichaa. Niliona aibu kutembea nyuma yake njiani. Wanawake kisimani waliacha kuongea nilipofika, na nikajifunza kuteka maji saa ambazo hakuna mtu.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo siku tulipokwenda kwa Marash.

Mwanamke haketi chumba cha wanaume kwetu. Drane alikuwa amebeba bunduki miaka miwili, na Marash aliamua hilo linatosha. Wanaume walisimama wote alipoingia. Wakampa nafasi karibu na moto, mahali pa mgeni mkubwa, na akaketi kwa kukunja miguu kama wao, bastola pajani. Alikuwa amejaa furaha kiasi cha kuniuma. Vuksan aliketi karibu na mlango. Mimi nilikuwa nikisaidia jikoni, kwa hiyo nilipanda na kushuka ngazi na bakuli za maharage na birika la kunawia, na baada ya chakula nikabaki mlangoni na taulo begani.

"Baba, mbona umekaa mbali?" Drane akaita. "Njoo hapa kwenye moto."

"Nimeshiba joto," Vuksan akasema.

Marash alikuwa ameweka birika la kahawa kwenye makaa, na kahawa ya Marash haina haraka. Ili kupitisha muda mtu mmoja akamwuliza Drane habari za vita. Hakuna aliyemwuliza habari za gereza. Alizileta mwenyewe.

"Nyie hamjasikia nilivyotoka Shkodra?" akasema. "Basi sikilizeni. Yule afisa wao ananiambia kwa mkalimani, Jumatano tunakunyonga. Nikamwambia, sawa, lakini nipeni kitana kwanza. Akauliza, kitana cha nini? Nikamwambia, kama mnanining'iniza mbele ya soko zima na nywele hizi, mtawaaibisha wanawake wa milimani, na hiyo nitakuja kuwadai hata nikiwa maiti! Mkalimani akacheka. Afisa akatafsiriwa, naye akacheka. Wakaniletea kitana! Nikachana nywele taratibu, mbele yao, namtazama machoni tu. Kesho yake asubuhi mlango unafunguliwa, askari anasema, toka, nenda kwenu, kichaa wee. Kikosi kizima wananiita Drane wa Kitana. Nimewashinda Wajerumani kwa mdomo, jamani!"

Akapiga paja, akacheka, akawatazama aone nani anayecheka naye.

Sijawahi kuona wanaume wakitazama mikeka kwa bidii namna ile. Mmoja alikohoa. Mwingine alianza kuvuta uzi uliochomoza kwenye soksi yake. Marash akasogeza makaa yaliyokuwa hayahitaji kusogezwa. Drane akadhani ni heshima, akaongeza, "Ndivyo ilivyokuwa, kweli tupu," na mimi mlangoni nilitamani sakafu ya mbao ivunjike tuanguke wote kwa ng'ombe walio chini yetu.

Kahawa ikaiva. Siku hiyo Marash alimimina mwenyewe, kumheshimu mgeni. Alianza na Drane: mkono wa kulia una kikombe, wa kushoto uko kifuani. "Karibu nyumbani, askari wetu." Akaendelea na wengine mmoja mmoja mpaka akafika mlangoni. Alisimama mbele ya Vuksan akasita. Nilimwomba Mungu amwondolee moyo huo wa sheria kwa siku moja tu. Halafu Marash akainua mguu wake wa kulia, akapitisha kikombe chini ya goti.

Vuksan akakipokea, akasema asante.

Drane alicheka tena. "Mzee Marash, mchezo gani huo? Mmekunywa pombe tangu asubuhi?"

Kicheko kikamwishia mdomoni. Yeye ni mtoto wa milimani, hakuhitaji kuelezwa. Akasimama.

"Baba, weka chini hicho kikombe."

"Kaa, binti yangu."

"Kiweke chini, nimesema! Marash, nimetoka kula mkate wako sasa hivi. Umeniita ili umtukane baba yangu mbele ya macho yangu? Ni nyota hii ndiyo inakuwasha? Sema!"

"Nyota yako haihusiki," Marash akasema, naye uso ulikuwa umemwiva. "Ndiyo kahawa yake tangu masika. Leo sikupenda kumpa. Lakini nikimpa kwa mkono kwa sababu wewe una bastola, mimi nitakuwa mtu gani?"

"Amefanya nini?"

"Yupo hapo. Mwulize."

Vuksan alikuwa amekunywa nusu. Akafuta masharubu kwa nyuma ya mkono.

"Silvano," akasema. "Nilimpeleka mimi kinuni. Walikuwa wananisubiri."

"Uongo."

"Si uongo."

"Kwa nini? Walikupa nini? Wewe una shida gani ya kitu cha Wajerumani, baba? Walikupa nini?"

Vuksan alimtazama tu. Na taratibu, mmoja baada ya mwingine, wanaume wote waliokuwa wakitazama mikeka waliinua vichwa wakamtazama Drane pia. Hakuna aliyemnyooshea kidole, na hapakuwa na haja.

Nilimwona akielewa. Mkono wake ulipanda ukashika shingo. Rangi ilimpotea usoni, kisha ikarudi yote kwa pamoja, mpaka masikio yakawa mekundu.

"Kitana," akasema.

Akawatazama mmoja mmoja.

"Mmekaa hapa mkanisikiliza nasimulia habari za kitana, na mnajua. Wote mnajua." Akanigeukia. "Na wewe, wifi?"

"Najua," nikasema.

"Bastola unayo," Vuksan akamwambia kwa upole kabisa. "Jana ulisema ukimjua mtu huyo. Sitakulaumu."

Drane alifungua mkanda, akaiweka bastola sakafuni mbali naye kama kitu kichafu. Akaketi. Nilidhani atalia. Nimeona watu wengi wenye aibu, na mimi mwenyewe nimeibeba aibu ile miezi hiyo yote kisimani, lakini ile iliyokuwa usoni mwake ilikuwa ya mtu aliyevuliwa nguo wakati akicheza ngoma. Hakulia. Alisukuma kikombe chake kitupu mbele.

"Nimiminie kingine."

Marash akamimina, akampelekea kwa mkono wa kulia. Drane hakuinua mikono kutoka mapajani.

"Siyo hivyo."

"Drane, wewe huna kosa. Ulikuwa kifungoni, hukujua."

"Mgeni nilimleta mimi. Na anayepumua badala yake ni mimi. Nipe kama ulivyompa baba."

Hapo ndipo Vuksan aliposimama. Mtu aliyevumilia vikombe vyote vile bila kufumba jicho alisimama ghafla, kahawa ikammwagikia suruali.

"Marash, usimpe! Nakuomba kama mahututi anavyoomba maji. Nimiminie mimi hicho, nimiminie birika lote, nitakunywa. Unadhani nilikuwa nakuja kwenye harusi zenu kula nyama? Nilikuja kila mahali ninywe mimi, ziishe kwangu, binti yangu asibakiwe na hata tone. Usimpe mtoto!"

Ndipo nami nilipoelewa kwa nini hakukaa nyumbani. Nilikuwa nimemwita kichaa miezi hiyo yote.

Marash alisimama katikati yao na kikombe mkononi, mtu mkubwa wa kijiji, hajui ageukie wapi.

"Mzee Marash," Drane akasema bila kumtazama baba yake. "Chumba ni chako. Mimi hapa ni askari au si askari? Kama ni mwanamke tu, niambie nishuke jikoni nikaoshe vyombo. Kama ni mtu kati ya watu, nipe kinachonistahili."

Hakuna mwanamume kwetu ambaye angeweza kuyakataa maneno hayo ndani ya nyumba yake. Marash alimtazama Vuksan, na nilimwona akimwomba radhi kwa macho. Kisha akainua mguu, akapitisha kikombe chini ya goti. Drane akakipokea kwa mikono miwili akanywa mpaka mashapo, wanaume wote wakiwa wameinamisha vichwa.

Vuksan alitoka. Nilimfuata hadi chini ya ngazi ambako viatu vya wanaume vilikuwa vimepangwa. Alitafuta vyake, akaviona, akashindwa kufunga kamba. Nikapiga magoti nikamfungia.

"Prenda," akaniuliza, "sasa yule kijana nilimtoa kwa ajili ya nani?"

Nilifunga kiatu cha pili.